Suruali Isiyo na Tope

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, mtu mmoja wa kijiji chetu hushuka ufukweni kutazama kama pomboo weupe wamekuja kumsalimia. Akiwaona, hupeleka habari hekaluni na fataki hulipuliwa. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo ni mimi. Kazi yenyewe si ya kuringia. Maji yakitoka unakanyaga tope la magotini, unazipita fito za kufugia chaza mpaka kwenye fungu la mchanga, kisha unakodolea macho mdomo wa mto hadi yatoke machozi.

Mwaka huu nilisimama pale asubuhi tatu. Niliona ndege, povu, na boya la mzembe fulani. Pomboo, sikuona hata mmoja.

Ningeweza kusema nimewaona. Nani angenibishia? Mwaka jana ndivyo nilivyofanya. Mke wangu, Asui, alikuwa kitandani, hali mbaya, na alikuwa ameniambia haondoki kabla samaki wa Mama hawajafika. Nikatoka, nikajibanza nyuma ya ukuta wa bahari, nikavuta sigara nne. Niliogopa kwenda nisiwaone. Nikarudi nikamwambia, "Wamekuja. Saba, na mtoto mmoja wa kijivu." Akatabasamu. Jua halijazama, akafa. Tangu siku hiyo aibu inanila: nimemuaga mke wangu kwa uongo, tena uongo juu ya Mama Mazu.

Basi mwaka huu nikaenda hekaluni na tope langu. Akim, mdogo wa kike wa Asui, ndiye anayetunza ubani pale. Alikuwa ngazini anachambua mboga, kiberiti cha fataki kipo mapajani.

"Shemeji, mbona umechelewa? Ulilala hukohuko?"

"Sijaona kitu, Akim."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na mwaka jana sikuona. Hata mchangani sikufika. Nilimdanganya dada yako."

Hakuacha kuchambua. Nilingoja matusi, maana mdomo wa mwanamke huyu naujua.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Ulipotoka chumbani aliniita. Akasema, 'Umeiona suruali ya shemeji yako? Haina tope.' Miaka arobaini anakufulia hizo suruali, halafu wewe unadhani utamficha."

Nikakaa kando yake.

"Na wewe umenyamaza mwaka mzima?"

"Alinikataza. Alisema nisubiri mpaka useme mwenyewe. Umenichosha, shemeji."

"Sasa mbona alitabasamu?"

Akim akakiweka kiberiti mfukoni. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alikuwa anaogopa utakwenda mbali kule mchangani, afe hupo. Akasema, 'Afadhali. Kumbe alikuwa hapa karibu.'"

Watu walikuwa wanaingia na sadaka zao, wananisalimia. Nilikaa pale ngazini, tope likinikaukia miguuni, nikalia.