Ombi la Kimya la Dada Delphia

Kanisani kwetu, kwenye bonde la Laurel, kila Jumatano jioni kabla ya maombi Mchungaji Hobert huuliza nani ana haja. Watu hutaja nyonga ya mama mkwe, mjukuu aliye jeshini, kazi za mgodini ambazo hazirudi. Kisha huuliza nani ana ombi la kimya. Hapo unainua mkono tu, husemi kitu. Mungu anajua, na sisi wengine tunaombea tusichokijua. Mwenye adabu haulizi, hata mkishatoka nje na kusimama kando ya magari haulizi. Ndivyo tulivyolelewa hapa Kentucky, milimani, na nasema wazi kwamba adabu hiyo imenichosha.

Delphia Sizemore aliinua mkono kila Jumatano kwa miaka miwili. Mimi ndiye mpiga piano, kwa hiyo huwatazama watu usoni wakati wengine wanatazamana visogo. Niliuona mkono ule ukipungua, kwanza juu ya kichwa, baadaye usawa wa bega, mwishowe vidole tu vikichungulia nyuma ya kiti cha mbele. Michubuko niliiona pia. Januari alisema ameteleza kwenye barafu. Julai alisema ameteleza bafuni.

Wote tulijua ni Rondal, mwanawe. Aliumia mgongo mgodini, akapewa tembe za maumivu, na tembe zikammaliza, hata hakubaki yule kijana aliyekuwa akiimba sauti ya besi kwenye kwaya yetu. Aliishi kwa mama yake. Gari lilikuwa la mama, lakini yeye ndiye aliyelichukua apendapo, macho yamelegea, akishuka mlimani kwenye kona ambazo hata mtu mwenye akili timamu huzipita roho mkononi. Delphia alimpa ufunguo kila alipoudai. Alikuwa anamwogopa. Alikuwa anamwogopa mtoto aliyemnyonyesha, na sijui kama kuna woga mchungu kuliko huo.

Jumapili kabla ya haya ninayoyasimulia, Rondal aliligonga kwa gari banda ambamo watoto hungojea basi la shule, akalilaza chini. Kwa vile ilikuwa Jumapili, halikuwa na mtu. Wanaume walilisimamisha tena, wakagongelea misumari, wakasema Mungu ni mwema. Jina la Rondal hakuna aliyelitaja.

Jumatano ilipofika Delphia aliwahi, akanikuta napanga vitabu vya nyimbo. Hata koti hakuvua.

"Verlie, ananisubiri nyumbani. Anataka gari nikirudi tu."

"Mnyime."

"Mnyime! Unasema kama vile nafukuza paka mezani."

"Basi lala kwangu leo."

"Atakuja kwako. Unataka aje kwako?"

Kusema kweli sikutaka. Alikwenda kukaa mahali pake, karibu na jiko la kuotea moto, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mchungaji Hobert si msemaji wa kutisha. Siku za kazi huendesha lori la maziwa, na mahubiri yake mengi huwa ameyatungia njiani. Jioni ile alisimulia habari za Bwana bustanini, kabla hajakamatwa. Alisema watu hukimbilia sehemu ya damu na upanga, na kuiruka ile ndogo ya mwanzo, Bwana alipowachukua rafiki zake watatu na kuwaambia kwamba moyo wake umejaa huzuni ya kufa, akawaomba wakae naye wakeshe. Basi. Hakulieleza zaidi. Akafunga Biblia, akauliza haja. Nyonga ikatajwa. Mjukuu akatajwa. Kisha akauliza, kama kawaida yake, "Na ombi la kimya, nani analo?"

Mikono ikapanda, mitano au sita. Delphia hakuinua wake. Alisimama.

"La kwangu nataka kulisema," akasema.

Mchungaji alishtuka, lakini akamjibu vizuri. "Sema, dada."

"Ni Rondal. Ananipiga." Sauti ilikuwa ndogo, na jiko la moto lilikuwa likiguruma, lakini sidhani kama kuna aliyelikosa neno. "Anachukua gari akiwa hajui hata mkono wake wa kulia. Nampa ufunguo kwa sababu namwogopa. Ataua mtoto wa mtu. Leo anausubiri, na mimi sijui kama nitaweza kumnyima."

Kutoka kwenye piano niliuona uso wa kila mmoja. Mmoja alitazama viatu. Mwingine alitafuta peremende kwenye mkoba. Hasira ilinipanda hadi nikatamani kugonga piano kwa ngumi zote mbili.

"Miaka miwili nimekaa kimya nikidhani ndiyo imani," Delphia akaendelea. "Kumbe Bwana mwenyewe hakunyamaza. Aliogopa, akawaambia rafiki zake anaogopa, akawaomba wakae naye. Kama Yeye alisema, mimi ni nani nisiseme? Sitaki mnitengenezee kitu. Nataka mkae nami. Na tafadhali msilale. Wale wake walilala."

Mchungaji aliomba, na kwa mara ya kwanza jina la Rondal lilisikika katika maombi ya pale tangu alipoacha kuimba. Baada ya amina, wengi walimshika Delphia mkono, wakamwambia watamkumbuka katika sala. Kisha wakaenda chumba cha nyuma kula keki. Ndiyo, keki. Siwasemi vibaya, na mimi naipenda keki, lakini niliyaona waliyoyafanya.

Waliobaki tulikuwa wawili, mimi na Ndugu Arlis Tackett, shemasi wetu, ambaye vumbi la makaa limemla mapafu na anatembea na mtungi wa hewa kwenye kigari.

"Wewe utafanya nini kule, Arlis?" nikamuuliza. "Utampulizia?"

"Amesema tukakae," akasema. "Mapafu sina, Verlie. Makalio ninayo."

Tulimkuta Rondal jikoni kwa Delphia, amesimama, hajavua kofia. Alipotuona nyuma ya mama yake alicheka, kicheko kisicho na furaha.

"Umeniletea kwaya, Mama?"

"Wamekuja kukaa," Delphia akasema.

Arlis alivuta kiti, akaketi, akaweka mtungi wake katikati ya magoti. Mimi nilikaa karibu na mlango, na kama mtu angeniuliza saa ile kwa nini nimekaa karibu na mlango, ningemwambia ukweli.

"Lete ufunguo."

"Hapana, mwanangu."

Nadhani lile "hapana" lilimshangaza Delphia mwenyewe zaidi kuliko Rondal. Alikuwa ameufumbata ufunguo kiganjani, mkono ameubana kifuani. Rondal alirudia, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Akajibiwa vilevile. Basi akamshika mkono.

Niliinuka nikapiga kelele. Arlis naye aliinuka, kigari kikapinduka, mrija ukamtoka puani. Tulichosaidia ni kidogo sana, afadhali niseme hivyo kuliko kujitia ushujaa. Kifundo cha mkono wa Delphia kilivunjika, nilikisikia, na alilia mlio ambao sitaki kuusikia tena duniani. Lakini vidole havikufunguka. Alianguka magoti, akaulalia ule mkono kwa mwili wake wote, na kutoka pale sakafuni akasema:

"Nakuogopa, Rondal."

"Funga mdomo."

"Nakuogopa. Nikisikia mguu wako kwenye ngazi naweka kiti nyuma ya mlango wa chumbani kwangu. Kila siku namwomba Mungu unipite. Leo nimewaambia watu wote kanisani."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wote."

Nilidhani sasa atamuua. Uso ulimwiva, akanyanyua guu, na mimi nilishika sufuria ya maharage iliyokuwa juu ya jiko nikijua sitamfikia kwa wakati. Guu likabaki juu. Kisha akaliteremsha. Akanitazama mimi, akamtazama Arlis anayehangaika kupata pumzi, akaitazama sufuria, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Kiti gani?" akauliza. "Unaweka kiti gani?"

Delphia alijiburuta hadi ukutani kwenye simu, akajiinua kwa kushika meza kwa mkono mzima, akawapigia polisi mwenyewe. Nilitaka kumpigia, akanikataza kwa macho. Alitaja barabara yetu, akataja jina lake, kisha akataja jina la mwanawe lote, la kwanza, la babu na la ukoo. Alisema, "Amenivunja mkono. Njooni mumchukue." Askari wa upande wa pili alimfanya arudie, akarudia.

Rondal hakukimbia. Aliketi sakafuni kati ya jiko na kabati, kofia imemwangukia machoni. Alianza kutokwa jasho la kukosa zile tembe.

Hapo ndipo Delphia alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Alikwenda akaketi sakafuni kando yake, bega kwa bega. Hakuwa ameacha kuogopa, nawaapia. Nilikuwa nikimwona. Kila Rondal alipojisogeza, yeye alijikunyata.

"Toka hapa, Mama. Umesema unaniogopa."

"Nakuogopa."

"Sasa unakaa hapa ya nini?"

"Mimi nimepata watu wa kukaa nami," akasema. "Wewe huna."

Arlis alirudisha mrija puani, tukawa tunausikia mtungi wake ukivuta na kuachia. Hatukuimba. Hatukuomba kwa sauti. Tulikaa tu, wote wanne, tukiwa macho, mpaka magari yakasikika yakipanda mlima.

Askari waliingia wawili, mikono kwenye bastola zao kiunoni. Walimwona mzee anayehema, wakaniona mimi na sufuria yangu, wakaona watu wawili wamekaa chini wamegandana, wote wanatetemeka, mmoja mkono umevimba. Yule mkubwa akauliza mwenye fujo ni nani.

Delphia akaweka ule mkono wake mzima juu ya goti la Rondal.

"Ni huyu," akasema. "Ni mwanangu."