Usaili wa Jumanne

Ndani ya kiwanda magodoro yalikuwa yamelundikana mpaka yanagusa dari. Mashine kubwa ya kumimina sponji ilikuwa imefunikwa turubai, na wakataji wachache waliobaki walikuwa wakiikokota kazi makusudi ili iwafikishe jioni. Lakini pale getini, mahali ambapo hakuna mpita njia ambaye angeweza kukwepa kuona, ubao ulisema NAFASI ZA KAZI ZIPO. Na kila Jumanne watu walikuja. Walikuja wameoga, nguo zimepigwa pasi, vyeti wamevikumbatia kwenye bahasha za plastiki, na Dada Mkubwa aliwaita mmoja mmoja ofisini kwake akawasaili kwa ajili ya kazi ambayo haikuwepo.

Tusimtupie mawe kabla hatujamjua. Dada Mkubwa ndilo jina alilopewa na kiwanda kizima, hata na wazee walio sawa na baba yake, kwa sababu alikuwa afisa ajira tangu enzi za neema, alipokuwa akiajiri watu mpaka mkono unachoka kupeana hongera. Kisha mambo yakageuka. Nyumba za wageni zikaacha kununua, maharusi wakaanza maisha na godoro kuukuu la shangazi, na bosi akapunguza watu, akapumua kidogo, akapunguza tena. Aliyetumwa kuwaambia wale waliopunguzwa ni huyohuyo Dada Mkubwa. Aliwaambia wote, na kila mara alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Ubao wa getini lilikuwa wazo la bosi.

"Tukiuondoa tu," alimwambia, "mawakala wanaouza magodoro yetu wataanza kunong'ona kwamba tunakata roho. Watakimbilia kwa wenzetu. Wewe endelea kusaili. Mtu anayesaili ni mtu aliye hai."

Bosi hakuwa katili. Angekuwa katili ingekuwa nafuu, maana mtu katili unaweza kumchukia ukalala usingizi wako. Huyu alikuwa mpole, anauliza hali ya watoto, anakumbuka nani aliumwa mgongo. Na alikuwa na jingine: kila aliyesailiwa alitakiwa, kabla hajaondoka, kukaa kidogo juu ya godoro la maonyesho lililowekwa kwenye kona ya ofisi, aone lilivyo laini. Asiyepata kazi leo, bosi alisema, kesho anaweza kuwa mteja. Basi watu wazima wasio na kazi wala dalili ya kazi walikaa kwenye godoro jipya, wakapapasa kitambaa, wakasema ni zuri sana, wakashukuru na kwenda zao. Huo ulikuwa upuuzi wa kiwango cha juu, na Dada Mkubwa alijua, lakini ana watoto, ana kodi ya nyumba, na mume wake alikuwa anapata kibarua siku moja na kukosa siku mbili. Alipiga moyo konde, Jumanne moja baada ya nyingine.

Dawa aliyowapa watu ilikuwa ni maneno. Aliona kwamba akimwambia mtu "umefanya vizuri sana, tutakupigia," mabega yanainuka, na mtu anatoka akitembea kama binadamu. Alijiambia kwamba hapo angalau anawasaidia.

Nyumbani ndiko kulikomtesa zaidi. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alikuwa amejitangazia mtaa mzima kwamba mkaza mwanawe ndiye anayegawa kazi mjini. Alikuwa akipokea vyeti vya watu mlangoni na kuviweka juu ya kabati la vyombo, akichagua vya nani vitangulie kulingana na nani kamsalimia vizuri.

"Mwanangu, huyu binti wa nyumba ya pili usinisahaulie," alikuwa akisema. "Ana adabu yule. Na mama yake juzi kaniuliza tena."

"Nimeshamsaili, mama. Alifanya vizuri sana."

"Si ndiyo nilivyomwambia mama yake!"

Sasa, katika watu wote waliokuja, alikuwepo mmoja aliyemkaa rohoni. Alikuwa mwanaume wa makamo, fundi mitambo, aliyepoteza kazi kiwanda chao cha viatu kilipofungwa. Mikono yake ilikuwa mikubwa na misafi mno, kama ya mtu ambaye ameachana na grisi bila kupenda. Mara ya kwanza alijibu kila kitu sawasawa, na Dada Mkubwa akamwambia amefanya vizuri sana. Mara ya pili aliitwa kwa sababu bosi alitaka pawepo na "hatua ya pili" ili mambo yaonekane ya kweli. Na Jumanne hii ilikuwa mara ya tatu. Fundi alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jipya, na mikunjo ya dukani bado ilionekana kifuani.

Balaa ni kwamba siku hiyo bosi mwenyewe aliingia, akavuta kiti, akakaa pembeni. Siku hizi alipenda kuhudhuria. Kiwanda kimya, simu kimya, mawakala kimya. Ofisi ya Dada Mkubwa ndiyo sehemu pekee iliyobaki na harufu ya kazi. Dada Mkubwa alikuwa na wasiwasi kwamba mzee ameanza kuyaamini maigizo yake mwenyewe.

"Hebu niambie, fundi," bosi alisema, akisogea mbele. "Sponji inakatwa, inatoka na mawimbi ukingoni. Unafanya nini?"

"Kwanza nazima mashine, mzee. Halafu naangalia kisu. Watu wengi wanakimbilia kukinoa, lakini mara nyingi kinakuwa kimelegea tu. Nakikaza, nakata kipande kidogo cha majaribio, ndipo naendelea."

"Unaona!" Bosi alimgeukia Dada Mkubwa, macho yanang'aa kwa furaha ya kweli. "Unaona mtu huyo!"

Dada Mkubwa aliona. Aliona pia dirishani, nyuma ya bega la bosi, mashine yenyewe ya kukatia ikiwa imezimwa, na mkataji mmoja ameegemea juu yake anakula karanga.

"Una swali lolote, kaka?" aliuliza, maana ndivyo usaili unavyomalizika.

"Ninalo moja, dada." Fundi alikohoa kidogo. "Kule kwenye kiwanda cha mikate wananihitaji, niangalie mashine za kukandia unga. Mwezi uliopita waliniita, nikawaambia wanisubiri, kwa sababu hapa nilikuwa nimefikia hatua ya pili. Sasa wamerudi tena, ila wameshusha. Ni nusu siku, na mshahara nusu. Wanataka jibu leo kabla ya saa sita, la sivyo wanamchukua mwingine. Mke wangu anasema niende. Mimi nikasema ngoja niwaulize nyinyi kwanza, nisije nikawakosea, mmenifanyia heshima kunifikisha hapa."

Dada Mkubwa alifungua mdomo, na kabla hajapata neno bosi alishacheka.

"Fundi kama wewe kwenye mikate? Ukakande unga? Aa, vumilia kidogo bwana. Usiwe na haraka. Tutakupigia."

Na fundi akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililomshinda Dada Mkubwa. Alikuwa ameshawadanganya watu wengi, lakini wote walikwenda kudanganyika huko nje, mbali na macho yake; hakuwahi kumwona mtu akiacha tonge mkononi, palepale mbele yake, kwa ajili ya sahani tupu.

"Nenda kwenye mikate, kaka," alisema.

"Samahani?"

"Nenda sasa hivi. Hapa hakuna kazi."

Bosi aliangalia viatu vyake kana kwamba vimemwita.

"Hakuna kwa sasa, au...?" fundi aliuliza taratibu.

"Haikuwepo tangu mwanzo. Ulipokuja mara ya kwanza haikuwepo. Ulipokuja mara ya pili haikuwepo. Ubao uko pale kwa ajili ya mawakala. Nakuomba radhi, kaka. Sina neno lingine la kusema, nakuomba radhi."

Fundi hakupiga kelele. Alikusanya vyeti vyake, akavipanga kingo kwa kingo, akavirudisha kwenye bahasha.

"Na uliponiambia nimefanya vizuri sana?"

"Hilo lilikuwa kweli," alisema Dada Mkubwa haraka, akishukuru kwamba kuna kitu kimoja anaweza kujibu bila aibu. "Hapo sikukudanganya hata kidogo."

"Hapo ndipo ungenidanganya, dada. Ungeniambia sifai, mwezi uliopita ningekuwa nimeshaingia kwenye mikate. Wakati ule ilikuwa siku nzima."

Alisimama. Mlangoni aligeuka, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Na wale ninaokaa nao pale kwenye benchi, wao nani atawaambia?"

Hakungoja jibu. Dada Mkubwa alimwona dirishani akivuka uwanja kwa hatua za heshima, bahasha kwapani, na alipofika getini akaanza kukimbia, shati jipya linapepea nyuma.

Bosi alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo tabu yake: "Unanifungia kiwanda."

"Sikifungi mimi, bosi. Chungulia nje uone."

"Nenda nyumbani upumzike. Umechoka. Tutakuita."

Dada Mkubwa alikaribia kucheka. Maneno ya namna hiyo alikuwa akiyatoa yeye mezani pale kila wiki, na sasa alijua ladha yake ikoje mdomoni mwa anayeyameza. Alichukua mkoba wake. Nje, kwenye benchi, walikuwepo bado watu wa Jumanne ile, wamekaa wamenyooka, na aliwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba hakuna kazi, warudi wakatafute kwingine, na wasamehe. Mmoja alimtukana. Wengine waliinuka kimyakimya tu. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuingia angalau chooni kabla hajaondoka.

Alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa sebuleni akichambua mchele kwenye sinia. Alimwona amerudi mchana, akaacha.

"Kuna mtu kafa?"

"Hakuna, mama. Nadhani nimepoteza kazi."

Akamweleza yote. Ubao, hatua ya pili, godoro la maonyesho, fundi. Alidhani mama mkwe atapiga ukunga, lakini bibi yule alisikiliza vidole vikiwa vimezama kwenye mchele, havichambui kitu. Simu ililia katikati ya maelezo. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa fundi: *Nimewahi. Naanza kesho.* Hakuna salamu, hakuna asante. Dada Mkubwa aliusoma mara mbili, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Na wengine?" aliuliza mama mkwe.

"Wengine wanasubiri simu. Niliwaambia wote nitawapigia."

"Hata huyu wetu wa nyumba ya pili?"

"Hata yeye, mama."

Mama mkwe aligeuza macho juu ya kabati la vyombo, kwenye ule mlundikano wa vyeti, akayaondoa haraka.

"Yule alikataa kwenda kwa mjomba wake," alisema. "Kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mjomba alimtaka akauze. Mimi ndiye niliyemwambia atulie." Alisukuma sinia pembeni. "Wapigie. Anza na huyo."

Dada Mkubwa alitafuta namba. Kweli angeweza kutembea, nyumba ni ya pili tu, lakini alikuwa amemwahidi simu. Bora atimize hilo. Alibonyeza, akaweka simu sikioni.

Ililia mara moja tu.

"Haloo? Dada? Ni wewe?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Ni mimi wa kiwandani. Ni kuhusu ule usaili wako..."

"Mama!" binti alipiga kelele. "Mama, njoo! Wamepiga! Wamepiga simu!"

Kelele zilikuja kwa njia mbili, kwenye simu na kupitia ukutani. Kitu kama sufuria kilianguka kule. Vigelegele vya mama yake vikapanda, virefu, vya mtu aliyekuwa amevibana kwa muda mrefu. Jirani mwingine akadakia bila kujua anashangilia nini, na mtoto akaanza kupiga makofi. Binti alikuwa akisema asante dada, asante, Mungu akubariki dada, haachi hata upenyo wa neno moja.

Dada Mkubwa alishusha simu mapajani bila kuikata. Sauti iliendelea kutoka mle, ndogo, yenye furaha. Akainuka, akaanza kutafuta ndala zake chini ya kiti.

"Ningoje," alisema mama mkwe. Alikuwa ameshasimama, mkono mmoja ukutani, mwingine unashusha vyeti kutoka juu ya kabati. "Twende wote. Hivi nilivipokea mimi."