Insulini Kwenye Rafu ya Tumbo

Scovia, muuguzi, alirudi kazini kwenye zahanati ya Suna baada ya likizo ya uzazi kwao Rangwe, akafungua friji ya dawa, akakuta soda. Soda za machungwa na chapati za jana! Insulini ya wagonjwa wa kisukari haikuwemo.

"Nimeihamishia kwa rafu," akasema Angwenyi, mwenye zahanati, kifua mbele. Alikuwa ametoka semina. Huko aliambiwa dawa zina makundi yake, na kundi la kwanza ni la mmeng'enyo wa chakula na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokitumia chakula. Basi akazikusanya zote pamoja: za kiungulia, za kuhara, vitamini na za kisukari, juu yake kibandiko cha kupendeza. Rafu yenyewe iko dirishani, upande wa jua la mchana, chini ya mabati. Semina gani hiyo inayomwondolea mtu akili aliyozaliwa nayo?

Scovia alishika kichupa kimoja. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Damu ikamchemka.

"Makundi yanasema dawa inafanya kazi gani mwilini, Bwana Angwenyi. Hayasemi ikae wapi! Hii inataka baridi; imeharibika."

"Wakaguzi wakikuja wanataka kuona mpangilio."

"Na Mama Maroa?"

Habari za mama huyo zilikuwa zimemfikia Scovia hata huko likizoni. Mama Maroa, yaani Nyamusi, muuza ndizi sokoni, alikuwa akijidunga dawa hiyohiyo kila siku, na sukari yake ikazidi kupanda. Kidonda cha mguuni kilikataa kupona, vidole vikaanza kuwa vyeusi. Angwenyi alimgombeza mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi kwamba anakula ndizi zake mwenyewe, watu wakaangua kicheko. Nyumbani mumewe akaifungia sukari kabatini. Mwanamke wa watu akabaki na mboga chungu na aibu.

"Tumpe ingine pole pole," akanong'ona Angwenyi. "Hakuna haja ya kelele."

"Mguu wa mtu unaoza, wewe unaogopa kelele?"

Scovia akaagiza insulini baridi iletwe kutoka duka la dawa mjini, akampigia simu rafiki yake wa hospitali kubwa amtengee Nyamusi kitanda. Nyamusi alipofika akichechemea, wakamwingiza ofisini, wakamweleza yote. Angwenyi akafunga mlango, akamsogezea kiti na kikombe cha chai bila sukari.

"Mama Maroa, nisamehe. Ni makosa madogo ya kupanga."

Nyamusi hakugusa chai.

"Daktari, ile siku ya ndizi, ulinisemea wapi?"

"Mama, hayo si yalishaisha?"

"Ulinisemea kwa benchi. Watu wakanicheka. Twende kwa benchi."

Akainuka na mguu wake mbovu, akafungua mlango mwenyewe. Angwenyi akamfuata akijipangusa jasho. Mbele ya wagonjwa akaanza kumumunya maneno, macho sakafuni.

"Sauti, daktari," akasema Nyamusi. "Ile siku ulikuwa nayo."

Angwenyi akasema kwa sauti. Kwamba Mama Maroa hakula ndizi zake. Kwamba dawa aliyompa ilikuwa imeharibika kwa jua, na aliyeiweka juani ni yeye.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Nchagwa, ambaye siku ile alicheka mpaka akakohoa, alipapasa mfuko wa koti lake, akatoa kichupa chake cha insulini, akakiinua.

"Na hii yangu?"

Nyuma yake, mwanamke mwingine alikuwa tayari anafungua mkoba.