Atlasi Bila Mbingu

Kalondu alikuwa amepiga msasa vinyago vya mumewe kwa miaka thelathini na moja. Musili alichonga, yeye akalainisha. Ndivyo kazi ilivyogawanywa kijijini Wamunyu tangu walipoifahamu: wanaume kwenye tezo ya kuchongea, wanawake kwenye msasa. Twiga, vifaru, wazee wenye fimbo. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kifuani hivi kwamba akikohoa kanisani, waliokaa mbele walijua ni yeye bila kugeuka.

Mwezi wa pili mwalimu Nyakio alifika kutoka Machakos mjini na kitabu kikubwa cha picha kwapani. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha fasihi karibu maisha yake yote, na sasa alikuwa akifungua chumba cha kusomea katika nyumba aliyoachiwa na babake. Alitaka sanamu ya kusimama karibu na mlango. Alikifungua kitabu juu ya benchi, akawaonyesha mwanamume wa mawe aliyeinama chini ya tufe kubwa. Huyu anaitwa Atlasi, aliwaambia. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba alipigana na miungu akashindwa, akahukumiwa kuishikilia mbingu kwa mabega yake, milele. Wachongaji na wachoraji wamekuwa wakimrudia kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na hata kile kitabu cha ramani ambacho watoto hubeba shuleni kinaitwa kwa jina lake.

Musili alifurahi. Alikuwa amechoshwa na twiga. Kalondu, aliyeketi chini na kifaru mapajani, aliuliza jambo moja tu: huyo mtu alipumzika lini?

Nyakio alisema alipumzika mara moja. Shujaa aliyeitwa Herakle alimpokea mzigo ili Atlasi aende kumchumia matufaha ya dhahabu. Aliporudi nayo, Atlasi hakutaka tena kuipokea mbingu. Herakle akamwambia sawa, lakini nishikie kidogo tu, nijiwekee kata ya nguo begani, mzigo unaniumiza. Atlasi akashika, na Herakle akaokota matufaha akaenda zake.

"Kwa hivyo alidanganywa na kata," Kalondu alisema.

"Ndiyo, mama. Kata tu."

Waliagana hivyo. Gogo la jakaranda likaletwa, refu kumpita mtu, na Musili akaanza kulitoa magome. Hakufika mbali. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alianguka kati ya kitanda na mlango, na alipotoka hospitalini wiki mbili baadaye mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu mwingine. Maneno yake yalitoka polepole, mengine yakiwa nusu. Lakini hili alilisema likaeleweka: mwalimu asiambiwe. Akijua, atapeleka kazi kwa wengine.

Nyakio alipopiga simu, Kalondu alimwambia kazi inaendelea. Alipokata simu alikaa akiliangalia gogo, kisha akachukua tezo.

Hakuwahi kuchonga. Lakini mikono yake ilikuwa imepita juu ya kila kiungo cha kila mnyama aliyetoka katika karakana ile, na ilijua mahali ambapo mbavu hukutana na tumbo, na mahali ambapo Musili alipenda kuharakisha. Musili aliwekwa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Siku za kwanza alisema hapana kwa kila pigo. Hapana, punguza. Hapana, si hapo. Kalondu alipunguza pale alipoambiwa, mara nyingine hakupunguza. Kufikia wiki ya tatu Musili alikuwa amenyamaza, akitazama.

Kazi hiyo ilifanywa katikati ya kazi zingine. Alimwogesha, akamnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa hospitalini, akaenda mtoni na mtungi, akapalilia maharagwe, akapika, ndipo akashika tezo. Mtoto wao Mutinda, aliyekuwa akifanya kazi Kivaa, alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama wako sawa, na aliambiwa wako sawa. Kalondu alizoea kulala akiwa amekaa, dakika chache, mgongo ukiegemea gogo.

Uso ulipatikana. Miguu ikapatikana. Ilibaki mbingu, lile tufe juu ya mabega, na alikuwa ameliacha la mwisho kwa sababu lilionekana rahisi. Lakini jakaranda ile haikuwa imekauka vizuri. Siku moja adhuhuri, upepo wa kiangazi ukivuma, gogo lilitoa mlio mkavu. Ufa ulianzia juu ukashuka hadi shingoni, na alipojaribu kuuzuia kwa kuchonga pembeni, mbingu nzima ilimeguka vipande viwili ikaanguka kwenye vumbi.

Musili alilia. Tangu augue machozi yalikuwa karibu. Kalondu hakulia, kwani alihisi hata kulia kungekuwa kazi nyingine. Aliingia jikoni akapika.

Siku tatu hakuigusa sanamu. Siku ya nne alitoka mtoni na mtungi mgongoni, ukanda wake umempita kwenye paji la uso, akaufikisha nyumbani akautua. Akagundua kwamba bado ameinama. Mtungi ulikuwa chini, ukanda mkononi, na shingo yake ilikuwa palepale ilipokuwa njia nzima. Alisimama hivyo kwa muda. Kisha akaenda kwenye karakana bila kunywa maji.

Hakuongeza kitu, alipunguza tu. Alilainisha mabega mahali mbingu ilipovunjikia. Shingo aliiacha ilivyoinama. Mikono, iliyokuwa imeinuliwa kushika, aliishusha kadiri mbao ilivyoruhusu, ikawa nusu ya njia, viganja wazi.

"Hii si ile aliyoagiza," Musili alisema.

"Najua."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mbingu ilipasuka."

Nyakio alifika mwezi wa nane na pikapu ya kukodi. Kwanza alimwona Musili, akauona na mkono wake, na furaha aliyokuja nayo ikamtoka. Aliuliza tangu lini. Alipoambiwa, aliketi kwenye kigogo, na ilionekana kwamba ameumia. Alisema wangemwambia, angengoja. Ndipo Nyakio alipoinuka na kuizunguka sanamu mara mbili. Musili alimfuata kwa macho, kisha akasema, akilitafuta kila neno:

"Mwalimu, mimi sijaigusa. Hata mara moja. Ni yeye."

Kalondu alikuwa ameshajiandaa kuambiwa ipasuliwe iwe kuni. Nyakio aliuweka mkono kwenye ile shingo.

"Sikuagiza hii," alisema. "Nimefundisha hadithi hii miaka mingi, mama, na sehemu hii ya kutuliwa mzigo nilikuwa naipita haraka. Saidieni tuipakie."

Chumba cha kusomea kilifunguliwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Wanafunzi walijaa, na wageni wa mjini, na Mutinda alikuja akamshika babake mkono kupanda ngazi. Kibao cha sanamu, kilichokuwa kimeandikwa jina la Musili, kilikuwa kimebadilishwa kikaandikwa la Kalondu. Msichana mmoja wa sare aliyeitwa Wanza alimuuliza Kalondu mbona mtu huyu hakumaliziwa, mzigo wake uko wapi. Kalondu alimweleza kwamba ametuliwa mzigo kwa muda mfupi, na bado hajui aiweke wapi mikono. Msichana aliiangalia tena, akatoa daftari akaanza kuichora.

Nyakio alimfuata pembeni. Kulikuwa na mwanamke katika hadithi zilezile, alisema, mama wa nafaka aliyezunguka dunia akimtafuta bintiye, je, angeweza kumchonga? Kalondu alisema maharagwe yanangoja kuvunwa, wataongea baadaye. Akaomba kiti.

Wanafunzi walipoanza kuimba alikuwa ameshalala. Mutinda alitaka kumwamsha, na Nyakio pia, maana zamu yake ya kutambulishwa ilikuwa imekaribia. Musili aliinua mkono wake mzima akawazuia. Wimbo ukaisha, hotuba zikaanza, jina la Kalondu likatajwa na watu wakapiga makofi, naye akaendelea kulala mbele ya wageni wote, mdomo wazi kidogo.