Ukuta Uliopisha Masale

Mtu akija kigangoni kwetu huku juu ya Kilema kwa mara ya kwanza, lazima aulize: mbona ukuta wa kanisa lenu umepinda? Wengine wanacheka kabisa. Kuna mgeni mmoja wa harusi, katokea Himo, alisema fundi lazima alikuwa amelewa mbege. Nilimjibu mpaka akaacha pilau lake mezani. Basi ngoja nieleze mara moja tu, maana ukuta ule unanihusu mimi, Mektrida, Mama Martin, na unamhusu Mzee Kornel aliyeuchora, na sipendi mtu mwingine aje asimulie vibaya.

Mzee Kornel ni Mholanzi. Kwao jina lake ni refu zaidi ya hapo, lakini sisi tumelikata na yeye ameridhika. Alifika Moshi akiwa kijana wa nywele nyekundu, kaja kuchora kanisa moja tu, alisimamie likamilike, arudi kwao. Hakurudi. Alipomaliza la kwanza akaitwa mji wa Mkuu, akitoka Mkuu akaitwa Kwa Sadala, na kila alipokabidhi funguo, padre mwingine yuko mlangoni anamsubiri. Hakuoa. Ukimuuliza mke yuko wapi, anakuonyesha mnara wa kanisa ulio karibu. Hata Walutheri amewajengea, na wao ni wagumu kusifia, lakini wanamsifia.

Kazi yake haianzi na karatasi. Anakuja na kigoda chake, anakaa kiwanjani kutwa nzima. Anaangalia jua linaingilia wapi, upepo unatokea wapi, watoto wanakatiza wapi wakienda shule. Palipo na kanisa la zamani, siku ya mvua anaingia, anakaa benchi la nyuma anasikiliza bati. "Padre anahubiri, bati linahubiri," anasema, "sasa nani anashinda?" Kiswahili chake ni kizuri, ila kila g inatoka kooni kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Na ukimtajia jipsamu ya darini anakunja uso kama umemtukana mama yake.

Sasa kiwanja. Kiwanja cha kanisa alikitoa baba yangu, kipande cha kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba. Mimi ni mtoto pekee, kwa hiyo kihamba kilibaki kwangu, na marehemu mume wangu ndiye aliyehamia kwetu. Watu walisema weee, mwisho wakachoka. Mpaka wetu na kanisa ni mstari wa masale, haya majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani. Katikati ya mstari huo pana kichaka kinene kuliko vingine, na chini yake amelala bibi yangu mzaa baba. Wakati wake watu hawakuwekewa msalaba wala saruji, walilazwa kihambani na kupandiwa masale, basi. Baba alinishika mkono nikiwa mdogo akanionyesha, akaniambia panga lisipite pale. Nilimwahidi, na ahadi ya baba yangu siichezei.

Asubuhi moja nashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nakuta kigingi kimesimama katikati ya kichaka kile. Baadhi ya masale yamefyekwa kupisha kamba. Mzee Kornel yuko pembeni na futi yake, anafurahi, anamweleza katekista Filemon kwamba altare itakaa hapa, ukuta wa mashariki utapita hapa, na dirisha kubwa litaleta jua la asubuhi mpaka usoni kwa padre.

Nilitupa majani chini. Siku zote namwamkia shikamoo, kanizidi umri sana. Siku ile sikumwamkia. Nilikwenda kwenye kile kigingi nikaking'oa, nikang'oa na cha pili, nikang'oa vyote, nikavitupa kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maji yakavichukua kwenda kwa majirani wa chini.

"Mama Martin!" Filemon akapiga kelele. "Hivyo ni vigingi vya kanisa!"

"Vifuate basi!"

Na kweli alivifuata, maskini, suruali kaikunja magotini. Mzee Kornel akabaki na futi yake mkononi. "Lakini Mama Martin," akasema, "huu ni uzio tu."

Uzio tu! Yaliyonitoka mdomoni pale niliyapeleka kitubioni Jumamosi, na padre aliniomba nipunguze sauti.

Jioni yake, kwenye grupu la WhatsApp la kigango, Bwana Shedrack akaandika. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, anaishi mjini Moshi, ana duka la vifaa vya ujenzi. Akaandika kwamba ubishi wa mtu mmoja hauwezi kuzuia kazi ya Mungu. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti. Wanasema ulikuwa mrefu. Sijui, sikuusikiliza tena. Ninachojua ni kwamba usiku ule sikupata usingizi, maana nilikuwa naogopa. Kanisa nalitaka, sisi wote tulikuwa tunasalia nje kwenye mvua. Lakini msingi ukichimbwa pale, bibi yangu atatoka na udongo kwa koleo, na ahadi yangu imekwisha.

Kesho yake Mzee Kornel akapanda kwangu. Jirani yangu Tabitha, Mlutheri, alikuwa amefuata maziwa, kwa hiyo nina shahidi. Mzee amevaa shati la Jumapili, na mikononi, mikono yote miwili, ameshika sale moja limefungwa fundo.

Kwa asiyejua: kwetu Uchaggani mtu aliyekukosea akikuletea sale, huwezi kumrudisha. Hata kama mlikuwa mnatafutana kwa mapanga, unalipokea na yanaisha. Filemon ndiye aliyemfundisha. Tabitha akaweka chupa yake ya maziwa chini ili aone vizuri.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana sale ni sale.

"Marahaba, Mama Martin. Nimekukosea."

Nikaliangalia lile jani. Pana, limenawiri, kijani kweli kweli. "Mzee Kornel, hili umelikata wapi?"

"Palepale!" akasema, kafurahi. "Filemon aliniambia nichague zuri, na yale ndiyo mazuri kuliko yote."

Jamani! Amemkata bibi yangu ili aje aniombe radhi kwa kumkata bibi yangu! Tabitha akashika nguzo ya mlango, akacheka mpaka machozi. "Nyie Wakatoliki," anasema, "nyie Wakatoliki mna mambo!" Mimi nilitaka kukasirika. Nilikasirika, haki ya Mungu, lakini tumbo likanisaliti, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mzee wa watu anatuangalia tu, hajui kafanya nini. Nikalipokea.

Nikamkaribisha ndani, nikampa bakuli la mtori. "Nimekusamehe," nikamwambia. "Lakini ukuta haupiti."

"Pale kuna nini?"

"Kuna bibi yangu."

Kijiko kikarudi kwenye bakuli. Halafu akaanza kuzungumza taratibu, anaangalia mtori.

"Kwetu, Mama Martin, kaburi ni la kupanga."

"La kupanga vipi?"

"Kama chumba. Unalipia miaka kadhaa. Ikiisha, familia isipoongeza, wanaondoa aliyemo, wanamweka mwingine. Nchi ni ndogo, na nusu yake ni maji."

Nikadhani ananitania. Nikamwangalia Tabitha, naye kaacha kucheka.

"Mama yangu alikuwa na kaburi zuri," akaendelea. "Mimi nilikuwa Mkuu napandisha paa. Walitafuta mtu wa familia, wakagonga nyumba ya zamani, kaka yangu alishahama, hakuna mtu. Mwaka uliofuata nikaenda likizo, nikanunua maua, nikafika, nikakuta jina la mtu mwingine. Nikamuuliza mtunzaji mama yangu yuko wapi. Mtu mwema, mpole. Akanionyesha majani kule mwisho, akasema yuko pale, pamoja na wengine. Nikasimama na maua yangu. Sikujua niyaweke wapi."

Akafuta mdomo ingawa hakuwa amekula. "Nimemjengea Mungu nyumba nyingi," akasema. "Mama yangu sijui alipo."

Mimi nililia. Sioni haya kusema. Tabitha naye alilia, kisha akasingizia moshi wa jikoni.

Mzee akainuka, hata kwaheri hakusema, mtori kauacha nusu. Akachukua kigoda chake akashuka kiwanjani, akakaa kuelekea masale mpaka jua linazama. Kesho yake vigingi vilikuwa vimepigwa upya. Ukuta unatoka kaskazini umenyooka, ukikaribia masale unaingia ndani kidogo, unayazunguka kama mkono wa mama aliyempakata mtoto, halafu unaendelea zake. Pale penye kona ya kuzunguka, akaweka dirisha dogo la chini.

Bwana Shedrack alipanda siku hiyohiyo na gari lake, tai shingoni. "Kanisa gani hili la kupinda? Vigango vyote vitatucheka! Wataalamu wengine wapo, mzee."

"Wapo," Mzee Kornel akamjibu. "Waite. Mimi naupinda ukuta huu au naenda nyumbani."

Hapo nilijua anapoteza nini, maana Filemon aliniambia. Lilikuwa kanisa lake la mwisho. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, mistari midogo haioni tena, na binti wa kaka yake alikuwa ameshamtafutia nafasi Uholanzi kwenye nyumba ya wazee. Lile dirisha kubwa la jua la asubuhi alilibeba kichwani tangu ujana wake, akisubiri kiwanja kinachoelekea sawasawa. Kiwanja kilikuwa hiki, na amelifuta dirisha kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili, paroko akatuuliza baada ya misa: anayetaka bibi yake Mama Martin afukuliwe, anyooshe mkono. Hakuna mkono ulioinuka. Nikamtazama Bwana Shedrack. Naye ni mtoto wa kihamba, na kwao masale yapo. Akaangalia viatu vyake. Wiki hiyo lori la kwanza la saruji lilitoka dukani kwake, na nilimpigia simu kumshukuru. Si mtu mbaya, anapenda marumaru tu.

Tukaingia msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wanaume walibeba mawe kutoka mtoni, sisi akina mama tukabeba mchanga na kupika machalari ya ndizi, mbege ikawepo ya kutosha. Tabitha akaleta Walutheri wenzake, wakasema wamekuja kuhakikisha tunajenga sawasawa. Mzee Kornel alizunguka akipapasa mawe kwa viganja, maana macho hayakumtosha. "Hili hapana, geuza. Hili ndiyo." Nilimpelekea chai kila siku, na kila siku alisahau kuinywa ikapoa, na kila siku nilimgombeza.

Siku ya kubariki kanisa, askofu alikuja, watoto wetu wa Dar wakapanda, nyimbo zikaitikiwa mpaka bondeni. Misa ilianza mapema. Jua lilipotoka likapitia kwenye masale, likaingia kwenye lile dirisha dogo la chini, na mwanga wa kijani ukalala sakafuni mpaka miguuni pa altare. Mimi nilimgeukia Mzee Kornel, nikamnong'oneza, "Wewe! Ulijua?"

"Sikujua," akasema, na machozi yanamtoka. "Hata dirisha langu kubwa lisingeweza."

Baada ya chakula akaja kuniaga. Safari ilikuwa wiki inayofuata. Akaniambia kule nyumba ya wazee atapewa chumba chenye dirisha, ataona mfereji na bata.

"Na baadaye?" nikamuuliza.

Akaelewa. Akainua mabega, akacheka kidogo. "Baadaye nitapanga, kama wengine."

"Njoo," nikamwambia. Nikachukua panga, nikaenda kwenye kichaka cha bibi, nikamwomba radhi kwa Kichagga, nikakata shina moja. Mimi ni mjukuu wake, hakatai. Nikalibeba hadi upande wa pili wa ile kona ya ukuta, ndani ya kihamba changu, nikachimba, nikalipanda, nikalikandamiza kwa mguu.

"Hapa ni pako," nikasema. "Martin anajua, wanangu wote wanajua. Ukifia kwenu, waambie wakulete. Ukifia huku, safari ni fupi."

Akainama, akaligusa sale kwa vidole kama anavyogusa mawe. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mpaka lini, Mama Martin?"

"Mpaka lini nini?" Nilimfokea, nakiri, watu wa kwenye wali wakageuka. "Nani kakuambia hapa pana mpaka lini? Umelala, umelala! Nani atakuja kukuamsha?"

Mzee wa watu akakaa kwenye kigoda chake akalia, na huku analia anacheka. Alipomaliza akatoa futi yake mfukoni, akanishikisha ncha moja, akapima mahali pale toka kwenye sale hadi ukutani. Akaisoma kwa karibu, karibu iguse pua. "Mimi ni mrefu," akasema. "Lakini panatosha."

Binti wa kaka yake alikuja wiki iliyofuata na tiketi mbili. Alikaa, akala machalari, akaonyeshwa ukuta na lile sale, akarudi peke yake. Mzee Kornel bado anaishi kwake Kiboriloni, pembeni ya Moshi, na kila Jumapili bodaboda inamleta, anakaa benchi la dirisha la chini. Misa ikiisha anazunguka nje kwenda kuona kama sale lake limetoa jani jipya. Linakua vizuri. Namwambia aache kuliharakisha.