Binti Chini ya Makofi

Jana, ndugu msomaji, nilirudi kutoka sokoni moyo umechubuka. Redioni wabunge walikuwa wakimuenzi hayati rais, yule aliyetuachia sheria kwamba mtu asidharauliwe kwa kabila lake, dini yake wala maumbile yake, na kila sifa ilifuatwa na kugongwa kwa meza, pa-pa-pa! Na palepale, mbele ya redio hiyo, mgambo walikuwa wanampiga mateke mama muuza uji huku wakimkejeli kwa kuigiza lafudhi ya kabila lake. Masikio yangu yakashindwa kutenganisha makofi na mateke. Alasiri nikajilaza na mwanangu Salha, titi bado liko mdomoni mwake, na usingizi ukatumeza sote wawili.

Nikajiona niko nchi ya mawe mekundu, mvua yake majivu, na Salha nimembeba mgongoni. Mwanamke mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji akanishika mkono. "Mimi ni Kumbukumbu," akasema, "naosha maiti wa nchi hii. Tembea taratibu, mwanangu. Anayekimbilia sherehe ya watu huchelewa kuona kilichochinjwa." Akaniingiza katika ukumbi uliometameta, wenye sanamu ya shaba ya rais wa zamani, na chini yake waheshimiwa wameizunguka meza moja ndefu. Spika wao aliitwa Unafiki. Mheshimiwa Kiburi akainuka, akaweka tai yake sawa: "Mheshimiwa Spika, mzee huyu alikuwa taa ya wanyonge!" Wote wakagonga meza, na meza ikaguna. Nikainama kutazama. Haikuwa mbao. Alikuwa msichana aliyelazwa kifudifudi, mgongo umepasuka, mbavu zinachungulia, damu yake inatiririkia viatu vyao vya kung'aa.

"Ndiye Haki," Kumbukumbu akaninong'oneza. "Yule wanayemsifu ndiye baba yake."

Mheshimiwa Woga alikuwa akipiga kuliko wote, asije akaonekana hapigi. "Ee bwana, leo umekula nini?" Kiburi akamtania. "Umeshamng'oa meno!" Wakacheka hadi machozi, kisha wakasimama kimya kumkumbuka marehemu, na katika ukimya ule kilichosikika ni mfupa mmoja tu, ukikatika. Ndipo Unafiki akasoma azimio: kwa heshima ya baba, binti azikwe angali hai chini ya sanamu, ili iwe na msingi imara. Shimo lilikuwa tayari. Haki akageuza uso, akanitazama kama Salha anitazamavyo akiugua.

"Bibi, hakuna wa kuzuia?"

"Kanuni ni lazima wawahoji waliomo kabla ya kuzika, mwanangu. Na anayehojiwa ana mdomo."

Unafiki, sauti imemkauka kwa kusifu, akatangaza: "Wanaoafiki waseme ndiyo!" Ndivyo alivyotaka kusema. Lakini ulimi ulimteleza, ukameza silabi, ikatoka: "Wanafiki waseme ndiyo!"

"NDIYOOO!" ukumbi mzima ukanguruma.

 Kisha chini ya viganja vyao Haki akacheka, mdomo umejaa damu, nami kicheko kikanitoka. Wakageuka. Woga akanirukia, akanikaba shingo. Kiburi akanyanyua rungu la Bunge juu ya kichwa cha mwanangu. "Na wasioafiki?" akafoka Unafiki, kwa mazoea tu, kwani hajawahi kujibiwa. Koo limebanwa, damu ya midomo yangu nailamba, nikalipasua neno: "Siyo!"

Rungu likashuka, nami nikazinduka.

Baba Salha alikuwa mlangoni. "Mama Salha! Nani unamkatalia hivyo?" Nikamshika mtoto kichwa, nikakipapasa chote, kizima, kina joto.  Nilikuwa bado naisikiliza sauti nyingine niliyoisikia wakati naamka, si yangu wala ya Kumbukumbu, ikitokea kwenye meza ile, hafifu lakini hai: "Siyo." Hapo nikaelewa kwamba walichokuwa wanakizika hakikuwa maiti, na kwamba makaburi ya namna hii hufukiwa tu pale ambapo wote wamejibu ndiyo.