Kuni za Sadaka

Kwanza ulikuwa unga. Niliuona Jumamosi moja asubuhi juu ya benchi la tatu upande wa akina mama, mwembamba kama unga wa muhogo, kijilima kisichojaza kijiko. Nikainua macho. Juu hapakuwa na kitu kipya, kenchi zilezile na bati lilelile lenye kutu. Nikapangusa benchi, nikaendelea kufagia.

Jumamosi iliyofuata ulikuwepo tena.

Ufunguo wa kanisa nilikuwa nao tangu nina miaka kumi na miwili. Mwaka ule mama alifariki, nikaacha shule darasa la tano, nikabaki na Bibi Yasinta katika kijiji chetu, nje kidogo ya Magoma. Watu waliponiona walitikisa vichwa. Mzee Simeo, mzee wa kanisa anayesimamia jengo, hakutikisa kichwa. Alikuja nyumbani, akatoa ufunguo mfukoni, akasema, "Hosiana, nimekuona unavyofagia uwanja wa bibi yako. Kuanzia leo, Jumamosi kanisa ni lako." Kwa mtu kama mimi, ambaye hata kuitikia salamu kulinitoa jasho, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote. Nyumba kubwa, kimya, na hakuna wa kuongea naye.

Kwa hiyo ule unga niliuona peke yangu. Nilitaka kumwambia Mzee Simeo. Kila Jumapili nilijipanga. Baada ya ibada nilimkuta amesimama na wazee wenzake, nikasema, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikasema sijambo, nikaondoka. Miezi mitano ikapita hivyo, na kila Jumamosi nikapangusa benchi.

Januari, kwaya ikiwa kwenye mazoezi, kenchi moja ilikatika ikabaki inaning'inia. Haikumgusa mtu. Fundi Erasto alipanda ngazi, akachoma mbao kwa bisibisi, nayo ikazama mpaka kwenye mpini.

"Hizi si mbao tena," alisema akiwa kulekule juu. "Ni maganda. Mchwa wamekula ndani yote."

Paa likaezuliwa wiki ileile lisije likatuangukia. Kuta zetu ni za tofali mbichi. Mvua mbili tatu za masika zikizikuta bila paa, zinarudi kuwa udongo. Mwinjilisti Yordani alitangaza kwamba tunazo wiki sita za kupata mbao na bati mpya, na kwamba tutoe kwa imani, kila mtu kwa alichonacho.

Ndipo maneno yalipoanza. Miaka minne nyuma, Mzee Simeo ndiye aliyepewa fedha za kubadilisha mbao na kupaka oili chafu kwenye miguu ya kuta, ili mchwa wasipande. Sasa mchwa walikuwa wamepanda.

"Alipaka nini, uji?" Mama Rosina aliuliza bombani, na akina mama wakacheka mpaka ndoo zikafurika.

Hakuna aliyekataa kutoa. Walisema tu watatoa baadaye. Bahasha za ahadi zikarudi nyembamba, na wiki sita zikawa tatu. Mzee Simeo aliendelea kuja kila Jumapili, amenyoosha shati lake, akakaa peke yake.

Mimi njia ya mchwa nilikuwa naijua.

Kwetu, sikukuu ya kipaimara ikikaribia, kila mama huleta kuni za sadaka, za kupikia chakula cha siku hiyo. Mwaka jana niliambiwa nizipange mimi. Kuni za sadaka haziachwi nje zikalowa, na hakuna anayethubutu kuzichukua akapikie kwake. Nikazipanga ndani, kwenye stoo iliyo nyuma ya madhabahu, zikiegemea ukuta kutoka sakafuni mpaka karibu na kenchi. Nilizipanga vizuri sana, nene chini, nyembamba juu. Kisha mchungaji wetu akahamishwa, kipaimara kikaahirishwa, kuni zikabaki palepale. Mwezi wa pili wa ule unga, nilichungulia nyuma ya kuni nikaona vinjia vya udongo vinapanda, vimetuna kama mishipa kwenye mkono wa mtu mzee. Nilivipangusa kwa ufagio. Nikafunga mlango.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, mwinjilisti akatangaza mnada mkubwa. Mnada wa sadaka tunao kila siku za mavuno. Asiye na fedha analeta mayai, au maharage, au kuku, vinanadiwa nje baada ya ibada, na anayenunua akitaka anakirudisha alichonunua kinadiwe tena. Safari hii majirani zetu Waislamu walialikwa pia, kama sisi tunavyokwenda kwao wanapojenga msikiti. Alikuja hata Mzee Isihaka, Mzigua mtani wetu, mnunuzi wa kuku kutoka Sindeni, na pikapu lake lenye matenga.

Mnadishaji alikuwa Semboja, ambaye sauti yake inasikika mpaka mashamba ya bondeni.

"Jogoo huyu anawika Kisambaa asubuhi na Kizigua jioni!" alianza. "Nani ana elfu ishirini?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Kumi na tano! Jamani, hata mchuzi wake hamuuoni?"

"Mpe Mzigua," mtu alisema. "Wazigua ndio wenye macho ya mchuzi."

"Na Wasambaa wana macho ya chenji," alijibu Mzee Isihaka. "Elfu kumi."

Watu wakacheka, lakini jogoo akaenda kwa elfu kumi, na hakuna aliyeongeza. Mkungu wa ndizi ukaenda kwa bei ya kutupa. Maharage ya Bibi Lea yalikosa mtu kabisa. Nilitazama juu ya milima, mawingu yalikuwa yamekaa.

Kisha Semboja akainua mtetea wangu. "Huyu wa nani?"

Bibi alinisukuma kwa kiwiko. Nikasimama.

"Kuku mpole kama mwenyewe," alisema Mzee Isihaka. "Binti, anataga huyu, au naye anaona haya?"

Mtu akataja elfu sita. Semboja akaomba saba, akaomba saba tena.

"Ongezeni jamani, ongezeni," Mama Rosina alisema kutoka nyuma, si kwa sauti kubwa, ila kila mtu alimsikia. "Mzee Simeo hajala nyama mwezi huu."

Kicheko kile hakikuwa kama cha kwanza. Mzee Simeo alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, kofia iko magotini. Aliinuka taratibu, akaivaa kofia, akaanza kuelekea njiani. Hakuna aliyemwita. Nikaona kwamba akifika barabarani hatarudi tena, na kwamba watu nao wangeondoka mmoja mmoja na fedha zao mifukoni.

Nilimshika Semboja mkono wa shati.

"Nini, binti? Bei ndogo?"

"Kuni," nilisema.

"Sema kwa nguvu."

"Kuni za kipaimara. Za stoo."

Semboja hajui kunong'ona. Aligeukia watu, kuku yuko kwapani, akapaza sauti ileile ya mnada: "Anasema kuni za kipaimara!"

"Zimefanya nini?" mtu akauliza.

"Nilizipanga mimi," nilisema.

"Alizipanga yeye!"

"Ukutani. Mzee Simeo alipaka oili chini. Kuni zikapita juu ya oili. Mchwa wamepandia kwenye kuni."

Semboja alifungua mdomo ili arudie, akaufunga. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Mzee Simeo. Hebu rudi."

Tulikwenda wote nyuma ya madhabahu, pakajaa mpaka watu wakapanda juu ya mabenchi. Erasto na Mzee Isihaka walianza kuzitoa kuni. Zilikuwa nyepesi kama makumbi ya nazi. Ya mwisho ilipotoka, tuliona mguu wa ukuta. Ulikuwa mweusi kwa oili mpaka usawa wa goti, umepakwa ukanyooka, na juu ya weusi ule hapakuwa na hata njia moja ya mchwa. Zilianza juu yake, pale vichwa vya kuni vilipokuwa vimegusa ukuta. Erasto alizifuata kwa kidole mpaka juu, pale kenchi zilipokuwa zimekaa.

"Wametumia daraja," alisema.

"Kwetu Sindeni mchwa wakikuta oili wanakaa kikao," alisema Mzee Isihaka. "Wakikuta kuni, wanafunga kikao."

Mama Rosina alikuwa anatazama rundo pale chini. Mizigo mitatu ilikuwa yake, kila mmoja umefungwa kwa kipande cha khanga yake nyekundu. Alikwenda mbele ya Mzee Simeo, akapiga goti kidogo.

"Baba, nimekukosea. Nisamehe."

Mzee Simeo alimshika mkono, akamwinua. Kisha akasema, "Ilikuwa oili nzito, mama. Uji usingeshika."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Mama Rosina alicheka huku anajifuta macho.

Mnada ukaanza upya. Mama Rosina alimnunua mtetea wangu kwa elfu thelathini, akamrudisha. Mwinjilisti akamnunua, akamrudisha. Wazee wa msikiti walichangishana palepale, wakamnunua, wakamrudisha. Katikati ya mizunguko kuku alifunikwa kwa tenga apumzike, na Semboja alipolifunua ili amnadi mara ya saba, palikuwa na yai.

"Haya zimemtoka!" alipiga kelele Mzee Isihaka, na yai lile likaenda kwa bei kubwa kuliko jogoo wa asubuhi. Kisha akasema gari lake hupeleka kuku mjini Kilole kila Alhamisi na kurudi tupu, kwa hiyo mbao na bati zitapanda bure. "Ila mtu asiniimbie kwaya njiani," alisema.

Siku ile akina mama walinizunguka. "Maskini, hakujua," walisema. "Mtoto angejuaje?" alisema Bibi, akanishika kichwa. Mwinjilisti alimshukuru Mungu kwa ajili ya binti aliyekosea bila kujua akasema ukweli. Watu wote wakasema amina. Mimi sikusema.

Mbao na bati zilifika Alhamisi. Erasto na vijana wa pande zote mbili, wa kanisani na wa msikitini, walifanya kazi siku tisa. Mvua ya kwanza iliwakuta wanapigilia bati za mwisho, wakateremka wamelowa wanaimba. Nilisimama ndani kusikiliza. Hakuna tone lililogusa kuta.

Jumamosi nilikwenda kufagia. Juu ya benchi la tatu palikuwa na unga. Nikainama, nikauchukua kwa kidole. Ulinukia mbao mbichi. Yalikuwa mabaki ya msumeno wa Erasto tu.

"Unatafuta nini?" Mzee Simeo alikuwa mlangoni na kopo la oili na brashi.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kurudia ukuta wa stoo." Aliweka kopo chini. "Bibi yako anasema huli siku hizi. Zile kuni zisikusumbue. Kila mtu anajua hukujua."

Alikuwa amekwisha kuinama kufungua kopo. Ningeweza kunyamaza. Semboja hakuwepo wa kunipazia sauti, na kanisa tupu lilikuwa na mwangwi, kwa hiyo nilipoanza nilijisikia mwenyewe mara mbili.

"Baba, nilijua. Unga niliuona mwezi wa nane, hapa kwenye benchi hili. Vinjia vya mchwa niliviona, nikavipangusa. Kila Jumapili nilikuja kukuambia, nikaishia kwenye shikamoo. Walipokusema bombani nilikuwepo, nina ndoo yangu, na nilijua."